Shamba la Ghorofa ya Tatu

Bibi alilima kwa miaka hamsini. Mumewe alipofariki, mwanawe alimleta mjini, ghorofa ya tatu. Kulikuwa na vyumba viwili na roshani ya hatua nne kwa mbili. Mkwewe alikuwa fundi wa kushona, akifanyia kazi hapo hapo sebuleni. Cherehani ililia tangu asubuhi. Bibi alikaa tu, mikono mapajani.

"Pumzika, Mama," mkwewe alimwambia.

"Nimechoka kupumzika."

Siku moja Bibi alipata ndoo tatu kuukuu. Alizijaza udongo, akazipanga roshani na kupanda nyanya na mchicha. Alimwagilia maji mengi asubuhi na jioni, kama shambani. Mbegu ziliota. Baada ya wiki mbili miche iligeuka manjano, ikalala. Bibi hakumwambia mtu. Aliendelea kumwagilia hadi ndoo zikafurika, labda itaamka.

Ndipo mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa jirani wa ghorofa ya pili, ameshika shuka yenye matope.

"Wiki hii hii ni shuka ya tatu! Nani anamwaga tope?"

Fundi alisimamisha cherehani. "Tuwie radhi, dada..."

"Ni mimi, mwanangu," Bibi alisema. "Nitaifua. Na ndoo nitazitupa. Mkono huu umelisha watu kumi. Leo umeshindwa na ndoo tatu."

Jirani alishusha shuka. Yeye alifanya kazi kwenye bustani ya kuuza miche.

"Naomba nizione hizo ndoo."

Aliinamisha moja. Maji meusi yalitoka, yakinuka.

"Bibi, mkono wako ni mzima. Ndoo ndiyo haina matundu. Shambani maji huzama chini. Hapa yaende wapi? Mizizi imekosa hewa, ikaoza."

"Kumbe nilikuwa nafuga samaki!" Bibi alisema. Wote watatu wakacheka.

"Safari hii tupange kwanza," jirani alisema. "Jua linafika hapa saa ngapi?"

Bibi hakujua. Kesho yake alikaa roshani kutwa, na chaki ya mkwewe mkononi. Kila jua liliposogea, aliweka alama sakafuni. Kushoto lilikaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Kulia liliondoka saa sita.

Jumapili jirani alipanda ngazi tena. Fundi alipima roshani kwa futi yake, akaichora kwenye karatasi ya kukatia nguo.

"Nyanya tuziweke kushoto, zinapenda jua refu," jirani alisema. "Mchicha kulia. Beseni lenye kina cha shubiri moja linautosha. Nyanya inataka ndoo kubwa, mche mmoja kila ndoo."

"Mmoja tu? Ndoo nzima?" Bibi aliuliza.

"Mmoja, Bibi. Ukiweka minne, itagombana kama mawifi."

Ndoo moja ilinuka dawa ya kuua wadudu. Jirani aliikataa. "Hii hapana. Tutakula sumu."

Walitoboa matundu chini ya kila chombo, wakayafunika kwa vipande vya chandarua ili udongo usitoke. Walichanganya udongo, mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri. Chini ya kila chombo waliweka sinia la kupokea maji, kisha wakapanda mbegu za mchicha na miche ya nyanya.

"Na kumwagilia?" Bibi aliuliza.

"Chomeka kidole kwanza. Kikikuta unyevu, acha. Kikikuta pakavu, mwagilia."

Shuka za ghorofa ya pili hazikuchafuka tena. Wiki ya tano mchicha ulijaa beseni. Bibi hakuung'oa. Alikata juu, akaacha shina na majani ya chini ili uchipue tena. Nyanya nazo zilikuwa zimeanza kutoa maua.

Alifunga fungu la kwanza na kumkabidhi mkwewe.

"Mpelekee jirani."

"Lote, Mama? Sisi je?"

Bibi alikuwa ameshainama, kidole kikiwa ndani ya udongo.

"Yeye anapata fungu, mwanangu. Sisi tuna shamba."