Mvutaji wa Nyuma ya Pazia

Kamba ilivutika kabla Master Ezhumalai hajasema "Vuta!"

Kidogo tu, kisha ikatulia. Lakini mtu aliyetunga mapigano ya sinema mpaka magoti yake yanalia kama bawaba za ghala huijua kamba kuliko anavyomjua mkewe. Akawatupia jicho wavutaji wake wa kamba waliojipanga. Jicho likamwangukia wa mwisho, msaidizi wake Dhanapal.

"We Dhanapal, una haraka ya kwenda wapi?"

"Sijavuta, Master. Nimeizuia."

"Umeizuia! Kwani kamba ina miguu?"

Wenzake wakacheka. Master hakucheka. Siku hizi Dhanapal alivaa shati jeupe kama la master, na wakati wa chai alijibanza karibu na mwenye filamu, kama anayekitamani kiti chake. Tena ncha ya pili ya kamba haikufungwa gunia. Alifungwa Kathirvel, mpwa wa Master ambaye, kwa desturi ya kwao, alimwoa binti ya Master, Poongodi, naye Poongodi alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua. Nyota wa filamu alikuwa garini anakula ubaridi wa kiyoyozi. Kathir ndiye angepaishwa badala yake, na mifupa ya kuvunjika ilikuwa ya Kathir.

Jambo moja tu Master hakutaka kulikumbuka. Boga la kuondoa husuda hupasuliwa nje ya mlango, ili uchafu wote wa kijicho lililounasa uende zake. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha, naye, kwa kuhurumia viatu vyake vipya, alilipasua humo humo studio.

Walipojaribu tena, ikaja harufu ya kafuri iliyochanganyika na ya nywele zilizolowa. Ilitoka nyuma ya pazia lililochorwa milima, ambako mkia wa kamba ulipotelea gizani.

"Master," Dhanapal akanong'ona, "nyuma yangu kuna mtu anavuta. Tazama." Akafungua viganja. Ngozi ilikuwa imechunika.

"Si ndiyo ushahidi wenyewe? Nani huchunika bila kuvuta? Toka nje, mchawi we!"

Dhanapal akatoka. Hakuna aliyecheka.

"Mjomba, vipi?" Kathir aliita kutoka kwenye godoro la kuangukia. "Nimeanza kuota kutu!"

Master akainua mkono, na kabla hajaushusha kamba ikaruka, ikawaburuta wavutaji kwa visigino kuelekea pazia, na Kathir akapaa, akapita taa, akaenda moja kwa moja kwenye vyuma vya paa huku akipiga mateke na kuita mjomba, mjomba, na Master akajitupa juu ya kamba kwa kitambi chake chote, akasikia upande wa pili wa pazia kitu kinahema polepole, bila haraka, kama mtu aliyeshiba.

"Dhanapal! Mdogo wangu, rudi! Nimekosa!"

Dhanapal aliingia mbio na kisu cha kukatia dafu, akaukata mkia wa kamba. Kuhema kukakoma. Wakamshusha Kathir kwa shida, kwa kuwa kijana mwembamba yule alikuwa mzito kama nyati, na godoro alipolikanyaga likabonyea mpaka kwenye saruji.

"Mjomba," akasema kwa upole, akitabasamu, kafuri ikinuka mdomoni mwake, "nipeleke nyumbani. Nataka kumwona mtoto."

"Mtoto hajazaliwa," Dhanapal akanong'ona.

Safari hii Master alimsadiki. Akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akaufunga kwa komeo, akaegemeza mgongo wake hapo.

"Hutoki," akasema.

Kathir akaendelea kutabasamu, akaanza kuja.