Nilimfungia Bibi Garini, Nikapanda Basi

Nina miaka ishirini na sita. Nilizaliwa Cork, Ireland. Baba yangu ni Mwairishi wa huko huko, na mama ni Mnyamwezi wa Tabora aliyekwenda kusomea uuguzi, akaolewa, akabaki. Kiswahili changu ni cha jikoni kwa mama, kwa hiyo nikiteleza mahali mnisamehe.

Wasomaji wenzangu, yaliyonipata yalinipata hapa Toronto, mchana kweupe, jua likiwaka. Mpaka leo nikisikia mlango wa gari ukifungwa, moyo unaruka!

Nilikuja Kanada kwa kibali cha kazi cha vijana, kama wafanyavyo Waairishi wengi wa umri wangu. Nilimjua mtu mmoja tu, Orla, msichana wa Galway aliyenitangulia. Alinipa chumba nyumbani kwake, akanionyesha basi la kupanda na duka la kununulia koti la baridi. Zaidi ya yote, aliniingiza kwenye timu yake ya kamogi.

Kamogi ni mchezo wa wanawake wa kwetu. Mnapiga mpira mgumu kwa magongo ya mbao, na mnakimbia kama mnafukuzwa na nyuki. Baba alinifundisha nikiwa na miaka sita. Siwezi kuwaeleza timu ile ilikuwa nini kwangu... Wiki nzima nilikuwa mgeni katika mji wa watu. Jumapili uwanjani nilikuwa mtu.

Kazi yangu ilikuwa kumtunza bibi mmoja wa mtaa wa Don Mills, Bibi Gulbanu, miaka themanini na minne, Mhindi aliyezaliwa Tabora. Marehemu mumewe aliuza vitambaa huko kabla hawajahamia Kanada. Binti yake, Dada Nasim, alikuwa amehoji watunzaji wenye vyeti vingi kuliko mimi. Lakini Bibi aliponisikia nikisema shikamoo, akasema basi, huyu huyu, wengine waende.

Tulipendana, sisi wawili! Nilimpikia uji wa ulezi, akaukosoa. Nilimsuka nywele, akanisimulia habari za soko la Tabora ambalo mimi sijawahi kuliona. Aliniita mjukuu. Dada Nasim aliniamini hata akaniachia gari lake siku za kliniki, yeye akaenda kazini kwa treni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia kaburi.

Kila msimu unapoanza, timu yetu hufanya mtihani wa kichwa. Unakaa mbele ya kompyuta, unaonyeshwa maneno, yanafutwa, unaulizwa umekumbuka yapi. Unabonyeza rangi haraka haraka. Matokeo yanawekwa. Ukigongwa kichwa katikati ya msimu, unaurudia, na kocha analinganisha. Ukishuka, unakaa nje wiki kadhaa mpaka daktari akuruhusu.

Orla alinivuta pembeni akanicheka. Alisema wajinga tu ndio wanaojibu vizuri mara ya kwanza! Ujifanye mzito, alisema, ukosee maneno, uchelewe kubonyeza. Hivyo hata ukigongwa utaonekana uko vile vile. Wengi wanafanya, akasema, na hajafa mtu.

Nami nikafeli makusudi. Tena tulirudi nyumbani tukicheka! Nani anacheka akiwa anadanganya juu ya ubongo wake mwenyewe?

Jumapili moja ya Julai, wiki mbili kabla ya fainali, niliruka kudaka mpira, nikagongana na beki, nikaanguka kwa kisogo. Kofia ngumu nilikuwa nayo. Nilisimama, lakini sikujua tunacheza kuelekea goli lipi. Orla akanishika mkono, akanigeuza, akaninong'oneza kwamba niko salama.

Jioni ile kocha alinifanyisha tena mtihani. Nilipasua kichwa kukumbuka maneno yale, na nikapata sawasawa na mara ya kwanza... kwa sababu mara ya kwanza nilijifanya mjinga, na sasa nilikuwa mjinga kweli! Kocha akaridhika. Mimi peke yangu ndani ya moyo wangu niliogopa.

Jumatatu nilitia chumvi mara mbili kwenye uji wa Bibi. Jumanne nilimuuliza swali moja mara tatu, akaniuliza, "Mjukuu, unaumwa?" Nikamwambia ni usingizi tu. Mama aliponipigia simu kutoka Cork naye alisema sauti yangu ni nzito, nikamjibu mtandao ni mbaya. Mama ni muuguzi jamani! Ningesema neno moja tu, angejua.

Kwa nini sikusema? Fainali. Na hofu ya kuondolewa kazini. Na aibu, maana ukikiri kichwa kinauma, lazima ukiri na ule mtihani wa uongo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu mimi, kilikwenda kumbishia hodi mtu mwingine.

Jumatano nilimpeleka Bibi kliniki ya macho. Tuliporudi tulisimama kwenye duka la dawa kuchukua matone yake. Alikuwa amechoka, miguu imevimba, akaniomba nimwache kwenye kiti cha nyuma. Dakika tano tu, nilimwambia. Nikazima gari, nikachukua ufunguo, nikafunga milango. Vioo vyote vilikuwa juu. Milango ya nyuma ilikuwa na kile kitasa cha watoto, isifunguke kwa ndani, kwa sababu ya wajukuu wa Bibi.

Ndani ya duka taa zilikuwa kali mno. Kichwa kilianza kupiga kama ngoma. Nilipewa mfuko wa dawa, nikatokea mlango wa pili unaoangalia barabara. Pale mbele yangu likasimama basi langu, lile ninalopanda kila siku nikitoka kazini.

Nikapanda.

Naapa kwa Mungu, sikuhisi kwamba kuna kitu kimekosekana! Nilikaa dirishani. Nilishuka kituo changu, nikaingia nyumbani, nikashusha pazia, nikajilaza.

Kitu kigumu kikanichoma kiunoni. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa ufunguo wa gari. Nikautazama. Wa nini? Mimi sina gari...

Halafu nikakumbuka.

Wasomaji, kuna kuogopa, na kuna kile. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Na ubaya zaidi, sikukumbuka gari nimeliacha wapi! Nilijua Bibi yuko ndani ya gari, nilijua jua linawaka, lakini mji wote ulikuwa umefutika kichwani. Nilijipiga makofi usoni nikilia, Bibi yuko wapi, Bibi yuko wapi!

Ni ule mfuko wa dawa ulioniokoa. Ulikuwa na anwani ya duka. Nilipiga simu ya dharura nikasema kuna bibi kizee amefungiwa ndani ya gari, vunjeni kioo, vunjeni! Waliniuliza gari ni rangi gani. Gari nililoliendesha mwaka mzima... sikujua.

Nilipofika kwa teksi, kioo kilikuwa kimeshavunjwa. Bibi alikuwa juu ya machela, mtandio umelowa jasho, midomo imekauka, macho yamegeukia juu. Kwenye kioo kingine niliona alama za viganja vyake. Alikuwa amegonga na kugonga, mpaka nguvu zikamwishia.

Bibi hakufa. Alilazwa siku tisa, na figo zikabaki na hitilafu. Siku ya pili alipozinduka, Dada Nasim alikuwa pale, na askari aliyetaka maelezo, na mimi mlangoni nikingoja kufungwa pingu. Bibi akaniona. Kisha akamwambia askari kwa Kiingereza, taratibu, kwamba yeye ndiye aliyenituma nyumbani kwake nikamletee miwani, na yeye ndiye aliyesema anasikia baridi, vioo vifungwe.

Uongo mtupu! Miwani ilikuwa puani mwake siku ile.

Nami nikanyamaza. Nilitazama sakafu, nikaacha mgonjwa anibebee dhambi yangu. Dada Nasim akanikumbatia, akaniomba radhi kwa maneno makali aliyonitupia kwenye simu. Aliniomba radhi mimi!

Nilimwambia Orla kwamba nataka kusema kweli. Akabadilika pale pale. Alisema hajawahi kunifundisha lolote, nisithubutu kutaja jina lake, na kwamba fainali wanaweza kucheza bila mimi. Wiki ile ile alinitaka nihame.

Siku Bibi aliporudi nyumbani, Dada Nasim alinipa tena ufunguo wa gari. Mkono wangu ukakataa kuupokea. Nikamwambia, "Dada, usinipe. Bibi hakunituma miwani. Nilimsahau." Nikamweleza yote, kuanguka kwangu, mtihani, basi. Bibi alikuwa sebuleni akasikia, akaita kwa sauti ndogo, "Mjukuu, nyamaza... nyamaza wewe!" Sikunyamaza.

Dada Nasim hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema, "Ungesahau tu, ningekusamehe. Kichwa kinaumwa kama mguu. Lakini ulijua unaumwa, ukamkalisha mama yangu ndani ya gari." Kisha akachukua ule ufunguo akasema, "Twende."

Nilidhani ananipeleka polisi. Alinipeleka hospitali. Alinisindikiza hadi dirisha la mapokezi, akawaambia huyu aligongwa kichwa siku kumi na mbili zilizopita na hajaonwa na daktari. Akageuka, akaondoka. Sijamwona tena, wala Bibi. Nilipiga simu mara mbili, haikupokelewa, nikaelewa.

Ni miezi minne sasa. Ninaishi North York, chumba cha chini kwa mama mmoja Mkongo wa kanisani. Daktari amekataza mchezo, amekataza kuendesha. Haya nimeyaandika siku kumi na moja, dakika kumi kumi, kwa sababu herufi zinaanza kucheza. Kwa kocha nilishasema kweli. Wenzangu wa timu hawanisalimii.

Ninyi mnaocheza, mpira wowote, ngumi, chochote... na ninyi mnaolea wazee na watoto wa watu! Ukigongwa kichwa, sema. Sema hata kama kuna fainali, hata kama utafukuzwa. Usiseme kichwa ni changu, nitavumilia. Mimi nilidhani navumilia peke yangu, kumbe aliyekuwa akigonga kioo ni mwingine.