Somo la Kupiga Hodi

Mkeka wa nyuma ulikuwa mtupu, ilhali watoto walikuwa wamebanana mbele kama viatu mlangoni mwa msikiti.

"Sogeeni nyuma, nafasi si ipo?" alisema mwalimu mgeni.

Hakuna aliyesogea. "Pale pana mwenyewe, Mwalimu," alijibu msichana wa mstari wa kwanza, na wenzake wakamkodolea macho anyamaze.

Mwalimu alimeza hasira. Siku yenyewe ilikwenda mrama tangu asubuhi. Jirani aliyeahidi kumwangalizia binti yake alighairi wakati yeye ameshavaa viatu, kwa hiyo mtoto, tena mwenye mafua, alibaki peke yake nyumbani na komeo kwa ndani.

"Usimfungulie mtu mpaka usikie sauti yangu," alimwambia.

"Hata akisema ni bibi?"

"Hata akisema ni bibi."

Akafika madrasa na kukuta chaki zimelowa, kiti kinayumba, na mwalimu mkuu anampa maelekezo huku anatembea.

"Unamshikia mwenzako, anaumwa koo," alisema mzee huyo. "Rudia herufi tu. Usianzishe somo jipya, na tafadhali, leo usimsahihishe mtu."

"Mwalimu asiyesahihisha ni mwalimu gani?"

"Wa siku moja," alijibu mzee, akaenda zake.

Jibu hilo lilimkera sana. Yeye alitaka kazi ya kudumu, na kwa herufi ambazo watoto walizisoma huku wakipiga miayo, nani angemwona? Akafuta ubao. Akaamua kufundisha adabu za kubisha mlango.

"Mimi kwa mfano, nikifika nyumbani husema: Hodi mwanangu, ni mama. Haya, semeni kama mimi."

Akayaandika maneno hayo ubaoni. Watoto wakacheka, kisha wakaitikia kwa pamoja. Walipomaliza, sauti moja ikafuata nyuma yao, nzito, inayokokota maneno. "Hodi... mwanangu... ni mama."

"Nani huyo anachelewa?"

Aliunyamazisha upande wa kulia, wakasoma wa kushoto, na sauti ikafuata. Akawanyamazisha wa kushoto, wakasoma wa kulia, ikafuata vilevile. Darasani kulianza kunuka nywele zilizoungua, lakini yeye hakuwa na nafasi ya kushughulika na harufu. Nyuma ya ule mkeka, kabati lilificha dirisha, fremu ya juu tu ikionekana, na alikuwa na hakika kuna mtoro wa darasa la wakubwa amechutama nje akimfanyia mzaha siku yake ya kwanza.

"Mwalimu, usimfundishe," alinong'ona yule msichana.

"Nisimfundishe nani?"

Msichana alitupia jicho mkeka wa nyuma. Mwalimu alichoka kuzungushwa.

"Haya, bingwa wa kuchelewa, sema peke yako."

Midomo yote ya watoto ilikuwa imefumbwa. "Hodi mwanangu, ni mama," ilisema sauti kutoka nyuma.

"Nzito mno. Lainisha. Sema kama mimi."

Ikasema tena, nyepesi kidogo. "Hiyo 'mama' usiikate," alifoka. Ikasema tena. Alisahihisha na kusahihisha, hasira ikimpeleka puta, na kila aliposahihisha sauti ilizidi kupanda, ikawa ya mwanamke, kisha ya mwanamke anayemfahamu, na alipokwenda mbio nyuma ya kabati amshike yule mtoro sikio, alikuta dirisha limezibwa kwa matofali na utando wa buibui haujaguswa, na hapo hapo, karibu na shavu lake, kwa sauti ileile ambayo kila usiku humbembelezea binti yake, pamoja na ule mkwaruzo mdogo wa mwisho aliodhani hakuna mwingine duniani aliye nao, kitu kilisema, "Hodi mwanangu, ni mama."

Harufu ikatoweka ghafla.

"Ametoka," alisema msichana, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. "Umemsahihisha?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mwenzako alimsahihisha neno moja tu, na mpaka leo hasemi. Wewe umemfundisha nini?"

Alifungua mdomo amjibu. Hakikutoka kitu. Mzee akatazama ubao, akasoma, akashika kichwa.

Mwalimu hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia na chaki mkononi, akapiga kumbo watu sokoni bila kuweza kuomba radhi, akijilaani kwa kiburi chake na kumlaani mzee kwa maelekezo yake ya nusunusu, na njia nzima alijaribu kuliita jina la mwanawe, koo likatoa pumzi tupu.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Akamshukuru Mungu moyoni. Akausukuma. Komeo lilikuwa mahali pake, kwa ndani.

Akabisha.

"Nani?" aliuliza binti yake.

Alijikamua mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akabisha tena, kwa nguvu, kwa ngumi zote mbili. Alisikia miguu midogo ikikimbia kutoka mlangoni.

"Mama," mtoto alisema kwa woga, "kuna mtu anagonga na hasemi."

Ndani, taratibu, sauti yake mwenyewe ilijibu. "Usimfungulie, mwanangu. Njoo ukae hapa na mama."