Kisosi cha Poda

Jirani zangu, nipeni masikio, na mkisikia najisema vibaya msinitetee. Mimi ni fundi cherehani. Miaka thelathini nimekaa kwenye kibaraza changu nikipima mabega ya mtaa huu, kwa hiyo nikisema najua nani kanenepa na nani kakonda, simsengenyi mtu, ni kazi. Hadithi hii ni ya nyumba iliyopakana na yangu, ukuta mmoja tu katikati.

Mlikuwa na baba, mama na mabinti wawili. Baba alikuwa karani, mtu wa shati jeupe lililonyooshwa, wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Jumamosi mchana, wakishakula, ungesikia redio inaimba taratibu. Mama anaosha vyombo, binti mkubwa kalala kifudifudi sakafuni anachora kwa chaki, mdogo wake kamkalia mgongoni. Ukichungulia dirishani ungetamani ukaribishwe.

Kisha redio ilipandishwa sauti.

Msiniulize nilijuaje maana yake, sote tulijua. Muuza mkaa wa ng'ambo aliingia ndani akafunga mlango. Aliyekuwa anafagia alifagia palipokwisha kufagiwa. Mimi nilikanyaga cherehani kwa kasi mpaka nikakata uzi. Tulisema mambo ya mke na mume yana wenyewe, tukajitia hamnazo, na jioni tukamwamkia karani kwa adabu zote.

Jumatatu mama yule alikuja kibarazani na kitambaa mkononi.

"Fundi, nishonee kola ndefu. Ifike hapa." Alionyesha chini ya sikio.

"Kwa joto hili, dada?"

"Ndio mtindo wa sasa."

Nikashona. Mara kola ndefu, mara mikono mirefu, na kwa kuwa mimi si fundi wa kubahatisha, zilimkaa vizuri mno. Wanawake wengine wakaja wanataka kola kama ile. Hebu fikirini, tulianzisha mtindo mtaani kwa ajili ya alama za vidole vya mtu.

Mimi nilificha shingo. Uso ulikuwa kazi ya binti mkubwa. Poda ya dukani haikulingana na ngozi ya mama yake, basi mtoto wa miaka tisa akachukua kisosi, akasaga chaki ya kahawia, akachanganya na poda na tone la mafuta, akajaribu kwenye kifundo cha mkono wake mpaka rangi ikakubali. Hakuna aliyemfundisha. Aligundua mwenyewe kwamba penye zambarau unatia njano kidogo, na alama ikianza kuwa kijani unatia nyekundu. Mama akajitazama kwenye kioo, akamwambia, "Mwanangu, una jicho la rangi." Jina likamganda, na sote tukamwita Jicho la Rangi tukidhani ni sifa tupu.

Alipokua akawa mchoraji. Akachora mabango ya maduka, kuta za saluni, picha za maharusi. Watu walishangaa anavyoipatia ngozi. Wakimuuliza alisomea wapi, hujibu, "Nyumbani."

Baba akafariki, tukamzika kwa sifa nyingi. Mdogo wake Jicho la Rangi, Kitinda, akaolewa na mwalimu wa udereva, kijana wa mizaha mingi. Miaka saba ikapita. Mama wa watu, mjane, hakuna wa kumgusa, lakini kola ndefu hakuacha na poda hakuacha. Nilidhani ni mazoea ya uzee.

Mwaka jana kliniki ya akina mama ilimpa Jicho la Rangi ukuta mzima wa chumba cha kusubiria. Akachora wanawake kumi na wawili wamekaa kwenye benchi. Muuguzi mkuu akawatazama muda mrefu.

"Wazuri," akasema. "Ila mbona wote wana nyuso kama yai lililomenywa? Wanaoingia hapa kwangu hawako hivi."

Jicho la Rangi alirudi amenuna, akaja kunishtakia. "Mama mdogo, eti anataka nichore watu na makovu yao! Nani anataka kujiona hivyo?" Nikamwambia muuguzi hajui sanaa, nikaendelea kutia vifungo. Hapo ndipo busara yangu ilipoishia.

Jumamosi ya wiki ileile nilipeleka gauni nyumbani kwao. Kitinda akaingia, kavaa miwani ya jua mpaka sebuleni.

"Dada, nichanganyie ile ya mama, haraka. Tuna harusi ya bosi wa mume wangu, na yeye anakuja kunichukua."

Akavua miwani. Sitaeleza nilichokiona, wengine mnakijua.

Mikono ya Jicho la Rangi ilitangulia kabla ya akili yake. Ilichukua kisosi, poda, njano kidogo, tone la mafuta. Akajaribu kwenye kifundo cha mkono, na rangi ikakubali mara ya kwanza. Hapo ndipo alipokitazama kile kisosi, akakivuta kwake asimpake.

"Umejigonga wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango uleule wa mama?"

"Usianze, dada. Nipake tu. Akinikuta hivi itakuwa mengine."

Jamani, mambo yalikuwa wazi. Akimpaka, mdogo wake atatoka akicheka, atarudi kwenye mlango ule, na siku moja poda haitatosha.

Mama alikuwa chumbani na alisikia yote. Akatoka na kola yake, akakichukua kisosi mkononi mwa bintiye, akaenda kukimwaga kwenye sinki na kufungua bomba. Kisha akainama akanawa uso.

Alipogeuka nilimwona kwa mara ya kwanza. Kovu lilitoka kwenye mfupa wa shavu mpaka pembe ya taya, na nyusi moja ilikuwa imekatika katikati. Miaka yote ile ukuta mmoja, na mimi sikuijua sura ya jirani yangu. Nililia, na nilistahili kulia.

"Mwanangu," akamwambia mkubwa, "nilikufanya fundi wa kunificha ungali mtoto. Nisamehe. Na wewe, Kitinda, uliniona nikinyamaza ukadhani ndivyo nyumba inavyokaa. Leo hutoki hapa."

Honi ikalia nje. Nikatoka mimi.

"Shikamoo, mama," akasema mwalimu wa udereva, mwenye adabu kama marehemu baba mkwe wake. "Mwambie mke wangu twende."

"Haendi."

"Mama, haya ni mambo ya nyumbani kwetu."

"Nimeyasikia ya nyumbani kwenu tangu mkeo hajaota meno. Ukuta wangu ndio huu."

Akapandisha sauti. Safari hii hakuna aliyepandisha redio. Muuza mkaa akavuka barabara na mikono yake myeusi, akasimama kando yangu. Mwenye ufagio naye akaja na ufagio wake. Kijana akatuhesabu kwa macho, akaingia kwenye gari akaondoka.

Jumatatu tulikwenda polisi, kisha ofisi ya ustawi wa jamii. Walipouliza nani shahidi, nikajibu kabla sijaulizwa mara ya pili. Hakimu akamkataza mwalimu yule kumkaribia mkewe, na kesi inaendelea. Sitawadanganya kuwa ilikuwa rahisi. Mara mbili Kitinda alifunga begi amrudie, na mara zote mbili mama yake alilikalia begi lile mpaka akili ikamrudia. Siku hizi anajifunza cherehani kwangu. Anapinda pindo kwa upogo, lakini anacheka.

Jicho la Rangi aliomba ukuta wake tena. Akamfuta mwanamke wa katikati, akamweka mama yake mahali pake, kola imefunguliwa, kovu na nyusi kama vilivyo. Rangi zilezile alizojifunza kufichia, sasa alionyeshea. Mama alikaa kwenye kigoda siku tisa akilalamika, "Usinikuzie pua." Wale kumi na mmoja nao wakapata nyuso za watu, mmoja baada ya mwingine. Muuguzi ananiambia kuna mama alihudhuria kliniki mara tatu akisema ameanguka. Mara ya nne alikaa chini ya picha ile, na alipoitwa ndani akasema ukweli.

Juzi alikuja kwangu mwanamke kijana na kitambaa.

"Fundi, nishonee kola ndefu."

Mkono wangu ulishachukua futi ya kupimia. Nikaiweka chini, nikavuta kigoda cha pili.

"Kaa kwanza, mwanangu. Nani kakufanya hivyo?"

Akakaa.

FUNZO

Mficha maradhi, kilio humuumbua, na anayemsaidia kuficha ana sehemu yake katika kilio hicho. Anayepiga ndiye mwenye kosa, asije akasingizia jirani. Lakini sisi tulimkopesha kola, poda na kelele za cherehani. Tusiwafundishe watoto wetu ufundi wa kuficha, kwa maana wataurithi pamoja na vipigo vyenyewe. Ukisikia ng'ambo ya ukuta, vuka. Ukiulizwa nani shahidi, jibu. Na wewe unayepakwa poda, jua kwamba uso wako hauna aibu yoyote. Mlango wangu uko wazi, na kigoda cha pili sikiondoi.