Mgeni Aliyehamishwa Kiti

Mnanisumbua. Mtu hajameza hata tonge, mmeshamzunguka kama kuku walioona mchele: bibi, ya Delu, bibi, tusimulie ya Delu. Hadithi hii si ya kubembelezea usingizi, nimeshawaambia. Haya. Lakini atakayecheka katikati nitamtoa nje, na mwoga aondoke sasa hivi, maana mimi sifui mikojo ya mtu.

Ijumaa asubuhi, hapa hapa Tasawa, Delu aliamshwa na mchi wa mke mwenzake. Kande alikuwa uani anatwanga uwele, kama kila siku. Ila mchi uligonga kinu mara moja, mlio ukaja mara mbili. Du. Halafu nyuma yake kidogo, du, kama vile kuna mtwangaji wa pili amesimama upande wa pili wa kinu, mvivu, anayechelewa. Delu alichungulia. Kande alikuwa peke yake.

Mwingine angeita watu. Delu alishusha pazia, akakaa kitandani, akasikiliza ndani ya kichwa chake mwenyewe. Kimya. Kimya kama chungu kilichooshwa kikaanikwa. Akatabasamu, mshenzi yule, kwa sababu alijua kilichokuwa pale kinuni kimetoka wapi.

Delu alikuwa na sauti. Ilimwingia mwaka aliofiwa na mtoto wake wa mwisho, alipokwenda kulia ukingoni mwa kile kisima kilichokauka nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo ikawa inamtukana usiku na mchana. Delu, ugali umeungua. Delu, watu wanakucheka. Delu, huna haya, unakula na mwanao yuko ardhini. Akawa hali, halali, anagombana na hewa sokoni, mpaka ndugu zake wakampeleka kwa Mama Tasalla.

Kwa Tasalla walikutana kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, wote wanaosikia wasichosikia wenzao. Hapakuwa na kuchapwa pale, wala kufungwa kamba. Kila mtu alikuja na nusu ya buyu lake, akalifudikiza chini, akalipiga kwa vijiti, na mzee Gambo akavuta zeze lake la uzi mmoja. Kila sauti ilikuwa na wimbo wake. Ukipigwa wimbo wa sauti yako, inakuja kukaa juu ya buyu lako, inasema yake yote, na wenzako wanakupigia mpaka maneno yaiishie. Halafu wewe mwenyewe, wala si mtu mwingine, unaligeuza buyu chali. Hapo ndipo Gambo hukata wimbo. Sauti imeagwa, watu wanakunywa fura, uwele uliokorogwa na maziwa, wanakwenda zao.

“Hapa hatumfukuzi mtu,” Tasalla alizoea kusema. “Mgeni ukimfukuza mlangoni anapita dirishani. Mpe kiti, kisha mwambie saa ya kuondoka.”

Na ilisaidia, msinibishie. Mwaka hadi mwaka Delu na jini wake, mwenye sauti ile, wakawa wanapatana masaa. Jini akamwachia Delu usiku. Akamwachia sala. Akamwachia wakati wa kula. Mwisho jini alibaki na Alhamisi tu, na kidogo magharibi wakati wa kuosha vyungu. Na hata hapo Delu alimjibu tu, “Nimekusikia, nyamaza nisugue,” majirani wakacheka, naye akacheka nao.

Basi si angeshukuru? Binadamu!

Lawali, mume wao, dereva wa malori ya kwenda Agadez, akamleta Kande. Kumbe naye msikiaji. Lakini sauti ya Kande ilikuwa ya marehemu mama yake, akimwimbia wimbo wa kubembeleza mtoto. Kande alipika huku anatabasamu. Alhamisi wimbo wake ukipigwa, hata Gambo alifuta macho. Delu alitazama, moyo ukamchacha kama maziwa ya juzi. Mwenzake kapewa asali, yeye kapewa pilipili, na wote wanakaa ua mmoja.

Alhamisi ile, siku moja kabla ya mchi kulia mara mbili, wachezaji kwa Tasalla walikuwa wametimua vumbi, mtu haoni jirani yake. Wimbo wa Delu ulikuwa katikati, jini kaketi, anatukana kwa raha zake. Kande alikuwa pembeni, macho amefumba, anampigia mke mwenzake kwa moyo wote. Delu akasukuma buyu lake mbele ya Kande, akalivuta la Kande kwake. Yalifanana, yametoka shamba moja. Kisha akaligeuza chali hilo la Kande. Gambo, mwenye macho ya ukungu, aliona buyu chali mbele ya Delu, akakata wimbo. Na buyu la pili likabaki limefudikizwa mbele ya Kande, na aliyekaa juu yake hakuagwa.

Kande alilibeba kichwani mpaka nyumbani. Delu alitembea nyuma yake, mwepesi kama mtu aliyetua kuni.

Siku ya Jumamosi, Kande alimjia jikoni, kanga ameishika kifuani kwa mikono miwili.

“Dada Delu, mama hajaja.”

“Amechoka. Hata wafu hupumzika.”

“Hajachoka. Kuna mtu amekaa mahali pake.” Alishusha sauti. “Ananiuliza milango yangu iko wapi.”

“Mpuuze.”

“Wako alianza hivi?”

“Wangu?” Delu alipuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa. “Wangu nimemsahau. Nenda kachote maji.”

Ikaanza harufu. Ulikuwa msimu wa upepo wa vumbi, midomo inapasuka, mbuzi wanalamba kuta, na nyumba ile ikanuka tope bichi, tope la chini kabisa ya kisima. Jirani akapaza sauti juu ya ukuta, “Enyi wake wa Lawali, mmepasua bomba au mnafuga vyura?” Delu akamjibu, “Tunafuga, njoo tukuozeshe mmoja!” Wakacheka. Delu alipogeuka alimkuta Kande amesimama nyuma yake kabisa, hacheki, nywele zake zimelowa.

Jumatatu mchana jua lilikuwa utosini, saa ambayo hata punda hasogei. Delu alikuwa amebandika ugali akasikia mtu anapiga buyu chumbani kwa Kande, polepole, kwa ncha za vidole. Akaenda. Kande alikuwa amelala mkekani, viganja vyote viwili viko chini ya shavu. Buyu lilikuwa limefudikizwa katikati ya chumba, hapana mtu karibu nalo, na mlio ulitokea chini yake, kwa ndani, mtu aliye ndani anagonga wimbo wa Delu, anaufikisha mpaka pale pale ulipokatwa siku ya Alhamisi, anasita, anaanza upya, anaufikisha pale, anasita, na kila akisita midomo ya Kande usingizini ilifunguka kidogo kama ya samaki, mpaka mara ya mwisho ikafunguka yote na sauti ikatoka, nzito, ya zamani, ambayo Delu aliijua kuliko sauti ya mama yake mzazi.

“Delu. Ugali umeungua.”

Alikimbilia jikoni. Ugali ulikuwa umeungua.

Hapo angesema. Mdomo alikuwa nao, na kwa Tasalla si mbali. Lakini alikuwa ameshaonja siku nzima bila mtu kichwani, na akajiambia, atazoea, mbona mimi nilizoea. Akakwangua sufuria, akala huku anatazama mlango.

Kesho yake Kande hakuonekana uani. Kinu kipo, mchi upo, mtwangaji hayupo. Delu akafuata ile harufu ya tope, ikampitisha nyuma ya nyumba, penye mchanga mkavu unaopukutika, na mchangani kulikuwa na nyayo za maji, jozi mbili, za mtu mmoja aendaye peku na za mwingine aliyemfuata kwa karibu sana, kiasi kwamba kila unyayo wa nyuma ulikanyaga kisigino cha ule wa mbele, na mwisho wa nyayo hizo Kande alikuwa ameketi ukingoni mwa kisima, miguu inaning'inia ndani, anayumba kwa wimbo ambao hakuna aliyeupiga, na kila akiyumba mbele anakaribia zaidi.

Delu alimrukia, akamkamata kiunoni. Alikuwa baridi kama mtungi. Kande akageuza shingo, macho hayakuwa yake.

“Umenipa mtoto asiye na mlango hata mmoja,” sauti ilimwambia. “Wewe ulikuwa na kufuli kila mahali. Huyu naingia mpaka jikoni. Mama yake nimemtoa nje, anabisha hodi, humsikii? Zimebaki siku chache nihame naye kwetu chini.”

Kisha macho yakarudi, Kande akajiona alipo, akapiga yowe, akamng'ang'ania. “Dada, usiniachie! Dada yangu, nishike!” Delu alimshika. Na huyo anayemwita dada ndiye aliyemuuza.

Akamburuta hivyo hivyo mpaka kwa Tasalla, akasema yote, amepiga magoti vumbini.

Tasalla alimwondolea Kande mikononi. “Ulitaka nini, wewe?”

“Kimya, mama.”

“Kimya kipo tele makaburini. Hukuona njia?” Akageukia watu. “Mwiteni Gambo. Waiteni wote. Leo hatungoji Alhamisi.”

Wakaja na mabuyu yao, wengine na unga mikononi. Kande wakamkalisha katikati, buyu la Delu, lililofuatwa chumbani kwake, limefudikizwa mbele yake, na Delu ng'ambo ya pili. Gambo akavuta zeze tangu pale alipokata, kwa sababu wimbo uliokatwa hauanzwi upya. Jini hakuchelewa.

“Kiti chako kile pale,” Tasalla alimwambia kwa adabu, akamwonyesha Delu. “Tunakuomba uhame.”

“Kiti nilichotolewa kama paka?”

“Tutakupa kuku mweusi. Tutakupa manukato.”

Jini akacheka kwa mdomo wa Kande, na tope likamtiririka kidevuni. “Kula mwenyewe kuku wako. Mimi nataka masaa yangu.”

“Chukua magharibi yote.”

“Ninayo.”

“Chukua na asubuhi.”

“Haitoshi.”

Walipiga mpaka viganja vikapasuka, Tasalla anatoa saa za Delu moja moja kama mtu anayevuliwa bangili, wakati wa kula, wakati wa kufua, wakati wa kusukana, na kila saa iliyotolewa jini alisema haitoshi, na kila aliposema haitoshi Kande alizidi kuwa wa kijivu, kucha zake zimeanza kuwa na udongo chini yake kama za mtu anayepanda ukuta wa kisima, na zeze la Gambo limeanza kulia kwa kukwaruza, na bibi mmoja mnene, ambaye sauti yake ilikuwa ya malaika, akawa analia wazi wazi huku anapiga, asithubutu kuacha, kwa sababu wote walijua kwamba wimbo ule ukikatika mara ya pili Kande hatakuwa na pumzi ya kuungojea wa tatu.

Delu akanyoosha mikono. Akalishika buyu lake bila kuligeuza, akalivuta mchangani mpaka katikati ya magoti yake.

“Chukua yote,” akasema. “Na usiku. Na sala.”

“Na buyu?”

“Sitaligeuza.”

“Kamwe?”

“Kamwe.”

Kande alianguka kifudifudi, akatapika maji machafu, mengi, kisha akaanza kulia kama mtoto. Gambo alisubiri buyu ligeuzwe ili akate wimbo. Halikugeuzwa. Alivuta mpaka uzi ukamkatikia mkononi.

Kande alipona. Mama yake alirudi, kwanza kwa mbali, baadaye akaimba kama zamani, na mwaka ule Kande akajifungua mtoto wa kike. Na msidhani alimwita Delu mchawi. Alimpelekea chakula kila siku, akakaa naye, akamsukia nywele.

Delu ndiye aliyelipa, na alilipa kwa masaa, yote, hakubakiziwa hata lile la kupiga chafya. Usiku yupo macho. Kwenye sala alikuwa anasahau rakaa, mwishowe akawa anasimama tu. Siku ya harusi ya binti yake wa kwanza, watu wamejaa uani, bibi harusi akapiga magoti mbele yake, hina mpaka viwikoni, akasema, “Mama, niombee dua niende zangu.”

Delu akainua kidole. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza.

“Ngoja kwanza, mwanangu,” akasema. “Hajamaliza.”

Msichana alingoja mpaka jua likazama. Mwishowe wakamchukua bila dua.