Baba Pacha na Sindano ya Ini

Baba Pacha alikuwa fundi wa makochi. Kutwa nzima alikuwa na misumari midogo mdomoni na sindano ndefu mkononi.

Mwaka uliopita alichangia damu, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini, aina ya B. Aliagizwa arudi kliniki akaangaliwe ini. Hakurudi.

"Kliniki unakwenda lini?" mkewe alimuuliza asubuhi moja, akimmiminia chai.

"Homa iko wapi, Mama Pacha? Nishike uso. Hata joto sina!"

Mkewe akamshika kweli. "Huna joto. Lakini virusi haviko usoni, viko kwenye ini. Sema kweli, unaogopa nini?"

Baba Pacha akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Marehemu kaka alikuwa na virusi hivi hivi. Walimchoma sindano ubavuni, wakatoa kipande cha ini kutafuta makovu. Nilikuwa nimemshika mkono. Alilia kama mtoto. Haukupita muda tukamzika."

"Kaka hakuuawa na sindano, mume wangu. Alichelewa kutibiwa." Mama Pacha akaweka birika chini. "Na mimi sitaki kuwa mjane wa mtu aliyechelewa."

Chai ikabaki kikombeni. Wakatoka pamoja.

Kliniki, muuguzi aligeuka kuchukua pamba. Aliporudi, alimkuta Baba Pacha amepandisha shati hadi kwapani, amefumba macho.

"Baba, vipi tena?"

"Si ubavu mnaoutaka?"

Muuguzi akacheka. "Shusha shati! Nataka mkono tu. Siku hizi, kwa wagonjwa wengi, tunaanza na damu. Tunapima vimeng'enya vya ini, vile vinavyoongezeka kwenye damu ini likiumia, na chembe zinazogandisha damu. Tunaunganisha na umri wako, tunapiga hesabu. Hesabu hiyo inatuonyesha kama kuna hatari ya makovu makubwa."

"Na ikionyesha hatari?"

"Tunaongeza kipimo kingine. Iko mashine inayopitishwa juu ya ngozi, haichomi. Ile sindano ya ubavuni wanaihitaji wachache."

"Bora nijue sasa," alisema fundi, akanyoosha mkono, uso ukitazama ukutani.

"Shujaa wa makochi!" mkewe alimtania. "Geuka, imekwisha."

Wiki iliyofuata walirudi. Baba Pacha hakuweza hata kukaa.

"Hesabu yako iko chini," muuguzi alisema. "Hakuna dalili ya makovu makubwa."

"Rudia, sista."

"Hakuna dalili ya makovu makubwa! Lakini virusi bado vipo. Daktari ataamua kama unahitaji dawa. Kila miezi sita uje tupime tena, hata ukijisikia mzima. Pombe usiiguse. Na watu wa nyumbani wapimwe. Asiye na virusi wala kinga, achanjwe."

"Anza na mimi," alisema Mama Pacha, akikunja mkono wa gauni.

Siku hiyo Baba Pacha hakwenda karakana. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mjane wa marehemu kaka.

"Shemeji, hawa watoto wa kaka ni wanangu. Kesho nawapeleka wote wakapimwe damu."

"Wote? Hata huyu mrefu anayekimbia sindano?"

"Huyo ndiye wa kwanza!"

Nyumba ile, iliyokuwa kimya tangu msiba, ikajaa kelele za watoto wakigombania nani awe wa mwisho.