Hodi kwenye Nyumba Isiyo na Mlango

Hodi, watoto.

Semeni karibu, ndipo hadithi iingie. Haya, imeingia. Imekaa kitako. Sasa sikilizeni.

Palikuwa na mtoto, jina lake Tunu. Mdogo hivi, kama kinu cha kutwangia kisamvu. Lakini macho yake makubwa, na hamu yake kubwa zaidi.

Tunu na bibi yake walitoka Pangani. Wakapanda ndege, wakaenda mbali, mpaka Ufaransa. Walikwenda kumtembelea Mama Mdogo Saumu, anayeishi huko mashambani, kwenye ng'ombe na ngano.

Nyumba ya Mama Mdogo ilikuwa bondeni. Na juu ya kilima palikuwa na nyumba nyingine. Kubwa. Ya mawe. Imebomoka.

"Ile ni ngome ya kale," alisema Mama Mdogo. "Waliishi mabwana wenye farasi na mapanga. Sasa ni gofu tu."

Ngome haikuwa na paa. Lakini juu, juu kabisa, ukutani, lilibaki dirisha moja.

Kila jioni jua lilipita katika dirisha lile likienda kulala. Dirisha likawaka, jekundu, kama jiko la mkaa.

Na kila jioni Tunu alikaa chumbani, kidevu dirishani, akilitazama.

"Bibi, nataka kusimama pale juu."

"Tutakwenda, mjukuu wangu."

Lakini mvua ikanyesha. Chururu, chururu. Kesho yake tena, chururu, chururu. Siku zikaisha, ikabaki moja tu. Ikipita hiyo, wanapanda ndege kurudi Pangani.

Asubuhi ya siku hiyo, Bibi alifungua dirisha. Jua lilikuwa limekaa juu ya kilima, linacheka.

"Vaa viatu," alisema Bibi.

Wakaondoka. Mbele alikwenda Klara, mtoto wa Mama Mdogo, mwenye miguu mirefu kama korongo. Nyuma yake Tunu. Nyuma yake Mama Mdogo na kapu la chakula. Nyuma kabisa Bibi, na goti lake bovu.

Pwacha, pwacha, viatu matopeni.

Kolong, kolong, kengele za ng'ombe.

Njiani Bibi akaona jiwe zuri, akalikalia. "Goti limegoma," alisema. "Nyie tangulieni. Nawaona kutoka hapa."

Mama Mdogo akakaa naye.

"Tunu," alisema Bibi. "Ukifika kwa watu?"

"Nabisha hodi, Bibi."

"Wasipoitika?"

"Nabisha tena. Mara ya tatu wakinyamaza, narudi. Wala sichungulii."

"Mtoto wangu huyo. Asiyebisha hodi ni upepo tu."

Klara alikuwa amekwisha kufika ngomeni. Wala hakusimama. Vuup, akaingia.

Tunu alifika, akasimama.

Palikuwa na nafasi ya mlango. Lakini mlango wenyewe haukuwapo. Tunu alitazama kushoto, alitazama kulia. Sasa mtu atabisha wapi?

Akagonga ukuta. Jiwe likamuuma vidole. Basi akaokota kokoto.

Ko, ko, ko.

"Hodi wenyewe."

Tunu akangoja.

Ndege mweusi akatoa kichwa ukutani. "Kaa, kaa."

Tunu akafikiri. Kaa si karibu.

Ko, ko, ko.

"Hodi wenyewe."

Tunu akangoja.

Ndani, mbali, kitu kikasema, "Meee."

Tunu akafikiri tena. Mee si karibu.

Sasa imebaki mara moja. Tunu alitazama juu. Dirisha lake lilikuwa pale pale, limebeba kipande cha mbingu. Akashika kokoto kwa mikono miwili.

Ko, ko, ko.

"Hodi wenyewe. Ni mimi, Tunu. Kesho naondoka."

Tunu akangoja, akangoja.

"Karibuuu," sauti ikaitika kutoka ndani.

Moyo wa Tunu uliruka kama chura. Halafu akasikia kicheko. Akakijua kicheko hicho.

"Ni wewe, Klara."

"Ndiyo mimi. Ingia."

"Siingii. Wewe siyo mwenyewe."

"Hakuna mwenyewe, Tunu. Wenyewe wamekufa zamani, na farasi wao."

"Hata hivyo. Wewe ni mgeni, tena umeingia bila hodi. Mgeni hamkaribishi mgeni."

"Basi baki huko nje na konokono."

Tunu alimtazama konokono. Konokono akaingia ndani ya nyumba yake. Yeye ana yake, haombi ruhusa.

Tunu akageuka. Hakuchungulia. Akateremka kilima, pwacha, pwacha, mdomo umevimba kama andazi.

"Umebisha?" aliuliza Bibi.

"Nimebisha."

"Mara tatu?"

Tunu aliitikia kwa kichwa tu.

"Mama," alisema Mama Mdogo, "gofu lile. Mwambie aingie, yaishe."

Bibi alimtazama Tunu. Alilitazama dirisha. Kumwambia aingie alitaka. Kulivunja neno lake hakutaka. Akajipapasa goti tu.

Ndipo huko juu wakasikia sauti nyingine. Nzito. Ya mtu mzima. Inaita.

Pale penye nafasi ya mlango alisimama mama mmoja mzee. Mkono huu ndoo, mkono huu fimbo. Nyuma yake mbuzi. Mbele yake Klara, anakimbia, miguu yote mirefu, mpaka nyuma ya sketi ya mama yake.

"Ni Bi Odeti," alisema Mama Mdogo. "Hufuga mbuzi. Kumbe kilima hiki ni chake? Anauliza nani amegonga ukuta wake."

"Si mimi," alisema Klara kutoka ndani ya sketi.

Bi Odeti alikuwa na nyusi nene kama viwavi wawili. Viwavi walikuwa wamekutana katikati.

Tunu angeweza kujificha naye. Sketi ilikuwa pana. Lakini akapanda kilima. Pwacha. Pwacha. Polepole. Mama Mdogo na Bibi wakamfuata.

"Shikamoo," alisema Tunu. "Aliyegonga ni mimi. Nilibisha hodi."

Akafungua kiganja. Kokoto lilikuwa bado humo.

Mama Mdogo akamweleza Bi Odeti kwa Kifaransa. Bi Odeti akasikiliza. Viwavi wakaachana, mmoja akapanda juu. Akasema maneno mengi, Mama Mdogo akayageuza.

"Anasema alikuwa nyuma ya ukuta, anakamua mbuzi. Anasema watu huja hapa kila mwaka. Wanaingia, wanapiga picha, wanakanyaga majani ya mbuzi wake, wanaondoka. Tangu azaliwe, hajasikia mtu akibisha."

Bi Odeti akaweka ndoo chini. Akauliza kitu.

"Anauliza," alisema Mama Mdogo, "kwenu mtu akibisha, mwenyewe hujibuje?"

Tunu akamnong'oneza Bi Odeti sikioni.

Bi Odeti akafuta mikono kwenye aproni. Akasimama wima, kama mwenye nyumba. "Ka-ri-bu," alisema.

Tunu akavua viatu vya matope, akaingia.

"Na mimi," alisema Klara, akachomoka nyuma ya sketi.

Fimbo ikashuka, ikafunga njia. Bi Odeti alikwisha kumwona Klara ndani. Akamwonyesha ukuta.

Klara akamtazama mama yake. Mama yake akatazama mawingu.

"Niazime kokoto lako," alisema Klara.

"Chukua," alisema Tunu.

Ko, ko, ko.

"Hodi wenyewe."

Klara akangoja. Bi Odeti akajikuna kidevu. Akamtazama mbuzi, kama anayemtaka shauri.

"Meee," alisema mbuzi.

"Karibu," alisema Bi Odeti.

Bibi naye hakukubali kupita hivi hivi. "Aa, na mimi nina adabu zangu," alisema, akagonga kwa pete yake. Ko, ko, ko.

Ndani palikuwa na majani mabichi, na kisima kikavu, na ngazi ya mawe. Mawe yameliwa katikati na miguu ya watu wa kale, yamekuwa kama visahani.

Mama Mdogo alimshika Tunu mkono. Wakapanda, wakazunguka. Wakapanda, wakazunguka. Mpaka Tunu akawa ndani ya dirisha lake. Mama Mdogo akamkumbatia kiuno asisogee mbele.

Tunu aliona ngano yote. Aliona mto. Aliona nyumba ya Mama Mdogo, ndogo kama kiberiti, na kidirisha ubavuni.

"Bibi," aliita chini. "Naliona dirisha letu."

"Linafanya nini?"

"Linanitazama mimi."

Tunu akalipungia mkono.

Huko chini, bibi wawili walikuwa wamekaa juu ya ukuta ulioanguka. Bibi alitoa maandazi. Bi Odeti alitoa jibini ya mbuzi. Huyu anasema chake, huyu anasema chake, na wote wanaitikia.

"Jibini hii inanuka beberu," alisema Bibi. Akakata kipande kingine.

Bi Odeti akala andazi. Akala la pili. Akaangalia kapuni kama lipo la tatu.

Walipoondoka, Bi Odeti aliwasindikiza mpaka pale penye nafasi ya mlango. Tunu akampa lile kokoto. Bi Odeti akaliweka juu ya jiwe, karibu na njia, mahali ambapo mgeni ataliona.

Jioni ikafika. Tunu aliogeshwa miguu, akaingia kitandani. Masanduku yalikuwa yamefungwa. Huko kilimani, dirisha liliwaka, jekundu, kama jiko la mkaa. Halafu likazimika, polepole.

Sasa, Klara alikuwa na tabia. Kila usiku aliingia chumba cha Tunu na Bibi, vuup, kama mbuzi kwenye shamba la watu.

Usiku huo Tunu akasikia mlangoni.

Ko, ko, ko.

"Hodi."

Tunu akajifunika shuka mpaka puani. Akangoja kidogo, kwa raha yake.

"Nani?"

"Mgeni."

"Karibu, mgeni."

Klara akaingia kwa adabu, hatua kwa hatua. Akajitupa kitandani. Wakacheka mpaka kitanda kikalia, kwichi kwichi, na Bibi akazima taa.

Nje upepo ukaja kutoka kilimani. Ukatikisa ubao wa dirisha.

Ko, ko, ko.

"Bibi," alinong'ona Tunu. "Umesikia? Hata upepo leo umebisha."

"Nimesikia. Usiuache nje."

"Karibu, upepo," alisema Tunu.

Upepo ukaingia, taratibu. Ukampapasa shavu. Ukamfumba jicho moja. Ukamfumba la pili.

Na sisi tutoke kwa nyayo, watoto. Mlango tuurudishe, usilie.